Hakionekani

Mara ya thelathini na moja, karatasi imetoka na neno lilelile:
hakionekani.
Mama Ngosa anaikunja mara nne, anaisukumiza kiunoni
pamoja na pesa za unga,
kisha ananiuliza, bila kuketi:
"Kama hakionekani, vidonge hivi nammezea nani?"

Miaka kumi na saba. Kila saa mbili usiku,
bukari ukiwa bado unafuka.
Hata kwenye matanga ya kaka yake alimeza,
kwa chai ya waombolezaji.

Sikumjibu. Nilijaza mirija mitano ya damu,
nikamwambia arudi baada ya majuma matatu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Wahenga hawakuwa na darubini.
Hiki kimo ndani ya askari mwenyewe,
askari mzee, yule anayekumbuka
surua ya utotoni na homa ya mwaka wa njaa;
kimejiandika katikati ya kumbukumbu zake,
kikalala.
Dawa humkamata anayetembea.
Aliyelala haulizwi kitambulisho.

Julai. Baridi ya Lubumbashi inapita chini ya mlango wa maabara.
Seli milioni moja: kimya.
Milioni nyingine: kimya.
Siku ya tisa umeme ukakatika,
Kyungu akakimbilia jenereta na jerikani,
nami nikalifunika kabati la joto kwa blanketi
kama mtoto mwenye degedege.

Dirishani, kile kilima cheusi cha masalia ya shaba.
Baba alikisukumia vigari miaka ishirini na sita,
akiapa kwamba pale hapana kitu, ni mavi ya tanuru.
Wakaja wengine, wakakichimba kilekile,
wakatoa kobalti.
Siku hiyo baba hakula.

Siku ya kumi na nne,
kati ya vijishimo tisini na sita,
viwili viligeuka njano.
Viwili!
Nilifurahi, Mungu anisamehe, kama mchimbaji,
kisha nikakumbuka ni damu ya nani.

Alikuja jioni, baada ya kufunga kinu, nyusi nyeupe kwa unga.
Alinisikiliza mpaka mwisho.
"Sasa umesema kitu," akasema.
"Ni punje ya mahindi. Nje nzima, inang'aa,
ndani fukusi ameshataga.
Ukipepeta, haiendi na pumba.
Ndiyo maana gunia langu naanika kila jua."

Nikamwambia bado hatujui namna ya kuitoa punje hiyo
bila kumwaga gunia.
Nikamwambia pia lile nililotaka kulificha:
seli ikijigawa, nacho hugawika humo humo usingizini,
bila kelele.

Alinyamaza kidogo.
"Basi kinazaa," akasema, "na mimi ndiye ninayelipa nyumba."

Akatazama saa ya ukutani. Saa mbili kasoro dakika mbili.
Akafungua fundo la kitenge,
akaniomba maji.