Robo Mzunguko

Mjakaranda uliangukia ukuta wa chekechea, Woodley,
usiku wa Jumanne, mvua yenyewe ikiwa imechoka.
Asubuhi watoto waliingia kwa mlango wa jikoni
nami nikaitwa, maana nina pawasoo.

Nina pawasoo. Ndivyo watu wanavyosema.
Ukweli ni kwamba nina kelele yenye mpini.
Nikivuta kamba mara ya sita inaamka,
inanguruma vizuri kabisa, inapiga domo,
inatetemesha maji kwenye madimbwi;
nikiigusisha gome tu,
kimya.

Nawajua watu wa aina hiyo.
Mmoja alikuwa mweka hazina wa chama chetu.

Nilivuta hadi bega likalalamika.
Nikabadilisha plagi. Nikapuliza chujio la hewa kwa mdomo,
nikala unga wa mgrevilea wa mwezi uliopita.
Mwalimu Kemunto alitoka na chai, asiseme neno.
Kimya cha mwalimu kina alama nyekundu pembeni.

Basi nikaenda Barabara ya Kirinyaga, kwa Nzilani,
kibanda kilichobanwa kati ya muuza beringi
na muuza mipira ya pampu.
Hakuitazama mashine. Alinitazama mimi.
"Petroli unanunua wapi?"
Nikataja mahali.
"Kwa pampu ama kwa chupa?"
Nikatazama viatu.
Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akanusa,
akanipa ninuse: mafuta ya taa,
harufu ya usiku wa kuamkia mtihani.

"Na hii skrubu, nani amekuwa akiizungusha?"
Nikasema sijui.
Akaiingiza bisibisi, akakaza taratibu mpaka ikagota,
akihesabu kwa sauti. Hesabu haikufika mbali.
"Robo," akasema. "Ilipaswa kuwa mzunguko mzima."

Ni kweli, nilikuwa naikaza.
Robo leo, robo Ijumaa, kila ilipozima,
nikidhani nakaza nguvu,
kumbe nakaza koo.

Akafungua kabureta, akatoa kiwambo,
akakiinua kwenye mwanga wa mabati yaliyotoboka.
Kinapaswa kuwa laini kama kope, alisema.
Changu kilikuwa kigumu, kimejikunja,
utando wa maziwa uliosahaulika sufuriani.
Kisipopumua, hakisukumi sindano;
sindano isipoinuka, mafuta hayaji;
injini inaishi kwa kumeza mate yake,
na ukiiomba zaidi ya hapo
unaiomba isichokuwa nacho.

Matundu aliyazibua kwa unywele wa brashi.
Waya hapana: waya hutanua tundu,
na tundu likishatanuka halirudi.
Kiwambo kipya mia tatu na hamsini.
Alichukua mia mbili na hamsini,
mia moja akaiandika kwenye katoni ukutani,
chini ya majina mengine, mawili ya jamaa zangu.

Woodley, saa tano. Gome likapasuka.
Chenga nyeupe zikaniingia soksi, masikio, chai.
Nilikata matawi manne na shingo ya tano,
kisha sauti ikaanza kupungua, ikakonda,
ikakohoa mara mbili,
kimya.

Kwenye dirisha, pua kumi na moja zimebandikwa kiooni,
na nyuma yake Mwalimu Kemunto.

Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe.
Ulitoka na bisibisi. Uliiona skrubu.
Mkono hauna masikio.
Niliushika kwa mkono mwingine
nikafungua kifuniko cha tangi badala yake:
fsss, mashine ikavuta pumzi
kama mtu aliyetolewa kichwa ndani ya fulana inayombana.
Tundu dogo la hewa, tope la Woodley limekaa juu yake.
Nikalifuta kwa ukucha. Nikafunga. Nikavuta mara moja.

Saa nane watoto walitokea langoni,
wakivuka vipande kwa kuhesabu, wakikosea hesabu.
Bisibisi nilimwachia Mwalimu Kemunto.
Ana kabati lenye bawaba iliyolegea:
hiyo ndiyo inataka kukazwa.