Sindano Isiyo na Uzi

Nadarizi kofia za vito hapa Kibokoni,
mwaka wa thelathini na mbili huu,
kwa hivyo usinifunze mimi sindano.
Umeme ukikatika, kidole chaniambia
fundo liko upande gani wa kitambaa.

La shingoni nalo nilianza kulijua hivyo:
chini ya sikio la kushoto, kokwa ya ukwaju.
Halikuuma. Lingeuma ningelisema mapema.

Shangazi Mwanaesha alilibonyeza mara moja.
"Mtoki huo. Ni jino."
Jino likang'olewa. Kokwa ikabaki,
ikawa zabibu, ikawa kungu.

Daktari Mghoi naye alianza kwa vidole:
lateleza au limeganda? Gumu au laini?
Usiku watoka jasho? Nguo zakupwaya?
"Mkono hujua mlango," akasema,
"haujui aliye ndani."

Altrasaundi: mafuta baridi, kioo cha kijivu,
na humo mayai meusi, si moja, matatu,
yameshikana kama ndugu waliokula yamini.
Mashine ikayapima, sentimita na nukta zake.
Jina haikutaja.

Mwanangu Twaha akapiga simu toka Doha:
apelekwe kwenye ile kubwa,
ya kuingia mzima kama mkate tanuruni!
Daktari akatikisa kichwa.
"Ile yaona mbali. Lakini nayo yasoma vivuli."

Ndipo ikaja sindano.
Yangu ina tundu; hiyo yenyewe ni tundu,
haishoni, yanyonya.
Mara ya kwanza walidunga kwa kupapasa.
Wiki nzima nikingoja, kisha karatasi:
*damu tu, seli hazikutosha.*
Sikukasirika. Nani hajadunga gizani
akakuta amejishona kidole?

Mara ya pili, kioo na sindano pamoja.
Nikaiona ncha ikimeta, ikiukaribia ukingo wa yai,
polepole, kama yangu inavyotafuta jicho la kofia.
Nikasahau kuogopa. Nikawa namkagua mkono wake.

"Kifua kikuu," akasoma, siku ya tisa.
Nikashika kifua. Hakijakohoa tangu Ramadhani.
"Cha shingo," akasema.
Kifua kikuu cha shingo! Lugha hii yetu,
nayo yahitaji kupimwa.
Vidonge miezi sita, bila kuruka hata siku moja.

Shangazi nilipomweleza alivuta leso, akanyamaza,
kisha akasema: "Si niliwaambia si jino?"

Nimemwachia.
Kofia ya bwana arusi ina matundu mia nne yaliyobaki.