Mchuchumio

Nilivinunua Mwanjelwa, rangi ya zambarau iliyoiva,
jozi ya mtumba, kisigino chembamba kama kidole cha mtoto.
Miguu yangu ni ya buti:
miaka thelathini ya viazi na umande wa Uyole.

Usiku, watoto wakilala, nikaanza.
Mkono ukutani,
ko, ko, kisha kimya: nimekumbatia kabati.
Kesho yake wifi Tusajigwe alicheka mpaka akakaa chini.
“Usikanyage kama unaua siafu.
Tanguliza kisigino. Hatua fupi.
Na hiyo shingo! Umedondosha sarafu?”

Utotoni nilichuchumia chungu cha maziwa
juu ya uchanja, nikachapwa.
Sasa nachuchumia na umri huu,
nani atanichapa?

Siku ya sendofu ya Atupele nilivuka ukumbi mzima,
meza kumi na nne,
sikushika kiti cha mtu.
Nje mvua ilikuwa imeshanyesha.
Sikuvua.

Asubuhi, uani, nikaziona nyayo zangu:
vishimo vidogo, vimejipanga toka getini hadi mlangoni.
Nikachuchumaa, nikatia kidole.
Kina cha maharage kabisa.
Nikaingia ndani kuchukua mbegu.