Kisanduku cha Sababu

Saa tatu usiku, Milimani, Kisumu. Stima zimerudi.
Mfumo unaniuliza tena, kwa upole wa karani aliyeshiba:
Watoto gani? Umri gani?
Zinki kwa siku ngapi, ikilinganishwa na nini?
Kuhara kukome lini ndipo useme kumekoma?
Nimejaza "watoto wadogo".
Kisanduku kimegeuka chekundu.
Udogo si umri, Apondi.
Nafuta. Miezi miwili hadi hamsini na tisa.
Kinakubali, kinanifungulia kingine.

Zamani tulipanga mapitio kwenye daftari,
na daftari lilikuwa na huruma mno:
mstari ukatwe, mwingine uchomekwe pembeni,
nani angejua ulichomekwa kabla ya matokeo au baada?
Mwaka ule tulitafuta vifo, hatukuona tofauti.
Mkubwa wetu akasema, basi tuandike uzito,
uzito umependeza.
Tukaandika uzito
kana kwamba ndio uliotuamsha alfajiri.

Mama yangu, sokoni Kibuye, hakuwahi kusikia neno itifaki.
Lakini kabla wembe haujagusa kamba za bale
aliandika kwa makaa juu ya gunia lenyewe:
sweta, mia na hamsini. Zenye doa, hamsini.
Zisizo na zipu, matambara.
"Nikishaziona," alisema, "macho yatapanga bei badala yangu."
Wenzake walimcheka.
Makaa hayakufutika hadi jioni.

Nikabofya Sajili.
Tarehe ikaganda, saa na dakika,
na Mukhwana aliye Kakamega, na Jerotich aliye Nakuru,
wakaiona itifaki ileile wakati uleule,
si nakala ya tano ya faili liitwalo
"mwisho kabisa mpya".

Makala elfu moja mia nne na sita.
Mukhwana hakuona nilichotupa,
nami sikuona alichobakiza;
mfumo ulituonyesha tulipopishana tu,
na hapo Jerotich akakata shauri,
mara nyingine kwa neno moja, mara nyingine kwa simu ya saa nzima.

Ya mia tisa na kumi ilikuwa ya Mwalimu Rispa Khasandi.
Kurasa sita, chapa ya taipureta, herufi "a" imeziba wino.
Watoto wa Nyakach, aliowafuata kwa baiskeli
na mizani aliyoazima kwa muuza sukari.
Ndiye aliyenifundisha kukoroga chumvi na sukari,
kuonja kwanza, isizidi chozi.
Tulimzika Aprili, viatu vyetu vyote matope.
Watoto wake: miezi sita hadi miaka saba.
Hakuwatenganisha.

Hapo kidole kilisita.
Kuongeza miaka miwili tu, kwani nani atadhurika?
Mfumo haukukataa. Ungekataa ningegombana nao.
Ulinifungulia mlango, ukaniwekea kiti.
Badilisha kigezo, ulisema.
Mabadiliko yataonekana kwa kila msomaji.
Sababu:
na kijistari chembamba kikapepesa, kikapepesa.

Niliandika: Kwa sababu alikuwa mwalimu wangu.
Nikaisoma kwa sauti, chumbani peke yangu.
Mbwa wa jirani akabweka.
Nikaifuta.

Haikuingia.
Lakini chini kabisa, katika jedwali la zilizoachwa
(zamani hatukuwa na jedwali, tulikuwa na pipa)
jina lake limekaa wazi:
Khasandi, Nyakach. Umri haukutenganishwa.
Atakayekuja na swali pana kuliko langu
atamkuta hapo, na baiskeli yake,
na mizani bado ina chembe za sukari.

Nimehifadhi.
Zimebaki mia nne tisini na sita.