Watano kwa Kila Nyumba

Karatasi ya Baraza, imebandikwa ngazini,
Sheria wameikuza, mistari ishirini,
Mbuzi wamewakataza, kupandishwa Michenzani,
Kuku wamewapunguza, watano kwa kila nyumba.

Pandu wa ngazi ya pili, beberu amemshusha,
Kavutwa kwa kamba mbili, kila ngazi akibisha,
Sasa anakula mbali, majani yanamtosha,
Pandu naye hana hali, kila wiki yuko shamba.

Mimi ninao watano, sijaongeza mmoja,
Kishungi, mwenye maneno, atamia, anangoja,
Nikipenyeza mkono: mayai kumi na moja!
Sheria haina neno, hayajatiliwa namba.

Jumatatu kaja Mize, kalamu na daftari,
Akasema: “Nieleze, wangapi, bila ya siri.”
“Ni watano, kachunguze, Kishungi ana kiburi...”
Hakungoja nimalize: kidole kikamvimba!

Akakinyonya kidole, akafungua waraka,
Kasoma pole kwa pole, yai halikutajika,
Punda yumo, ng'ombe vile, hata njiwa wa kuruka,
Akauliza: “Na wale, ambao bado ni mimba?”

Mara ganda likalia, mdomo ukatokeza,
Tukabaki twangalia, hata yeye kanyamaza,
Wa sita kishaingia, nani wa kumkataza?
Mize kalamu katia, mkobani; akaomba:

“Kwangu ninao watatu, nafasi mbili ninayo,
Usinipe bure katu, nitalipa utakayo.”
Tisa nao ni wa watu, wenye nafasi na moyo,
Ngazi nzima utukutu, watano kwa kila nyumba.