Zamu ya Maji

Meja Ndesario, leo Jumamosi
saa kumi na mbili kasoro, filimbi haikulia.
Tumeamka wenyewe.
Tumekuja na majembe, na mapanga tuliyoyanoa jana usiku
maana ungeyapima kwa kidole.
Tope la masika limefika magotini.

Kagera ulitusimulia mara moja tu,
ukiwa unafunga kamba za buti:
"Tulivuka mto. Wengine hawakuvuka."
Kisha ukauliza kesho zamu ya nani.

Ulirudi Uru na sanduku la bati, goti bovu,
na daftari la mistari myekundu:
jina, kihamba, saa ya kufungua, saa ya kufunga.
Lako uliliandika mwisho,
usiku wa manane, maji yakiwa uzi.

Na ile siku Kimario na Shirima
walipotoleana sime mpakani,
ulikwenda na jani la isale mkononi,
ukakaa chini katikati yao, pale pale matopeni,
ukaomba maji ya kunywa.
Wakatazamana nani akayalete.

Juzi wenzako wa jeshi walikuja na bendera,
wakapiga risasi hewani mara tatu. Kuku wakatawanyika.
Mama Elifuraha akacheka kidogo,
ndipo akalia.

Sisi risasi hatuna.
Tumezoa tope mpaka banio la juu,
kisha, utusamehe, tumevunja amri yako:
daftarini nimekuandika wa kwanza,
saa mbili asubuhi, maji yakiwa mengi.
Yameingia kihambani kwako,
yamezunguka udongo mbichi,
yakaendelea kwa jirani.