Sinia Dirishani

Mama alisokota kamba kiwandani miaka kumi na tisa,
akirudi na singa za mkonge nyweleni,
kiganja kikinikwaruza shavu kama msasa.
Yeye ndiye aliyenifundisha, bila kujua:
kamba iliyokazwa kwenye roda haisomeki.
Alama ya rangi imo, mzunguko wa mia tatu,
lakini mpaka mtu ailegeze.

Ndivyo nilivyoielewa jeni, chuoni,
wenzangu wakikariri.
Haikufutwa. Imekazwa,
na juu yake vidoa vya lakiri;
msomaji akifika hapo, anapita.

*

Kila seli mwilini mwangu imeweka sinia dirishani,
tonge la kila kinachopikwa ndani.
Askari wa damu hupita, huonja kwa macho.
Chakula cha nyumbani: wanakwenda zao.
Chakula cha kigeni: nyumba inabomolewa na mwenyewe yumo.
Na asiyeweka sinia kabisa
naye hushukiwa.
Mafua yakiingia, ukelele hupita mtaa mzima,
roda zinalegezwa usiku kucha,
masinia yanaongezwa.

Sasa niambie:
mtoto ambaye nusu yake ni Semhando wa Muheza
(hata wali hatuli sawa, tui lake linanipa kiungulia)
alikaaje miezi tisa
bila kuulizwa katoka wapi?

Wawili kabla yake waliulizwa.
Au sijui. Daktari alisema hutokea.
Jumatatu nilirudi kazini
nikahesabu chembe nyeupe za watu wengine.

*

Huyu wa tatu alizaliwa alfajiri, Bombo,
vuli ikipiga mabati hata kilio chake nikakiona kwanza, ndipo nikakisikia.
Mkwe wangu Bi Mwanakheri alishafika mlangoni
na ndoo yenye kifuniko, akidai kondo.
Nilimnong'oneza mkunga:
nikatie kama ncha ya kidole.

Arobaini ilipokwisha nilipita maabara
kama mtu aliyesahau mwavuli.
Nikakata utando, nikauosha,
nikautia dawa inayotafuta alama tu:
penye alama, kahawia.

Upande wangu, kahawia,
chai iliyosahauliwa jikoni.
Ndani ya vidole vya kondo, kwenye mishipa ya mtoto,
kahawia vilevile.
Kumbe alama anazo. Ya Semhando anayo.
Ila ngozi ya nje, ile safu moja
iliyooga damu yangu miezi yote ile,
samawati hafifu ya dawa ya pili, basi.
Jeni ileile:
kule imefunguliwa, hapa imetiwa lakiri.

Na wale wachache waliochimba zaidi,
wakaniingia kama mizizi ya mkungu,
hao hubeba sinia la peke yake, lisilofanana na la mtu,
ili askari asikute dirisha tupu.
Kwa rangi niliyokuwa nayo sikuweza kuliona.
Nimesoma tu kwamba lipo.
Swichi zake zina majina, herufi na tarakimu.
Nimezitamka zote, taratibu, juu ya hadubini.
Kuhusu wawili wa mwanzo hazikujibu.

*

Nyumbani, Barabara ya Kumi na Tatu, wageni hawaishi.
Wanamfunua, wanamgeuzia uso kwenye mwanga:
pua ya nani hii?
Masikio ya Muheza haya!
Kidevu cha bibi yake wa kiwandani.
Nawaacha.

Bi Mwanakheri hakuuliza pua.
Alingoja watoke, akakaa ukingoni mwa kitanda,
akakunja nepi tatu.
"Siku ile, kabla sijakizika,
nilikiosha nikakitandaza kwenye ungo.
Palikuwa na pengo."

Nikambadilisha mtoto titi.

"Kiko wapi?"

Kwenye kioo, mama. Kidogo sana.
Droo ya pili, nambari ishirini na saba.

Akaikunja ya nne,
akailainisha kwa kiganja, mara mbili.
"Kilete," akasema.
"Pale uani sijapashindilia."